Mikono ya Ludeke

Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, wenye tanuru sita wa chama cha mafundi wa shaba wa Hollenstede walikutana kula chakula cha mchana katika chumba chao, juu ya nyumba ya mizani. Mezani palikuwa na bata bukini wawili, kabichi, mkate mweusi na bia. Lakini kabla ya kula kulikuwa na shughuli moja ya kumaliza. Mlangoni alisimama Ludeke, fundi wa kuajiriwa, kofia mkononi, akiizungusha polepole kama ilivyokuwa tabia yake. Mbele ya wazee, juu ya kitambaa cheupe, alisimama simba wake.

Alikuwa simba wa kunawia, wa shaba ya njano, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Maji hutiwa kichwani chini ya kifuniko kidogo, hutokea mdomoni, na mpini ni mjusi anayemng'ata shingo. Huku kwetu hakuna aliyewahi kumwona simba. Ludeke alimfuata mbwa wa mchinja nyama, akamwongezea nywele, na kila aliyemtazama alikubali kwamba simba yuko hivyo hivyo. Mzee Cord Rodewold, mkuu wa chama, alimgonga ubavuni kwa kucha, akasikiliza, akampitisha kwa wenzake. Hakuwa na tundu wala kiraka.

"Kazi safi," alisema Cord. "Haya, barua isomwe."

Ili mtu ahesabiwe miongoni mwa wenye tanuru, alitakiwa kuleta vitu viwili: kazi aliyoitengeneza peke yake tangu kuchonga umbo la nta mpaka kung'arisha shaba, na barua kutoka kwao, iliyoapiwa na mashahidi, kwamba amezaliwa na watu wa heshima. Watu wa heshima ni wale ambao katika ukoo wao hakuna mwenye bafu la umma, wala mchuna ngozi, wala mpiga filimbi, wala mtu aliyemgusa mnyongaji. Mnyongaji wetu alikuwa mtu mpole, aliyekwenda kanisani kila Jumapili na kusimama nyuma kabisa. Aliyemgusa alipoteza nafasi yake, yeye na watoto wake na wajukuu, na hakuna chama kilichompokea. Watu walisema ndivyo sheria ilivyo, wakaendelea na kazi zao.

Barua ilisema baba yake Ludeke ni mtu wa heshima, na mama yake vilevile. Ila bibi yake mzaa mama, jina lake Gese, miaka arobaini na moja iliyopita, mwezi wa Januari, mbele ya mlango wa kanisa, alimwona mnyongaji akiteleza kwenye barafu, akampa mkono akamwinua. Mashahidi watatu waliona, na wawili walikuwa bado hai.

"Mkono upi?" aliuliza Tile Hasenbalg, aliyekuwa mdogo kuliko wote sita na mwenye kupenda kuuliza.

Msomaji aliitazama barua tena. "Hawakuandika."

"Basi tuhesabu yote miwili," alisema Cord.

"Mzee," alisema Ludeke, "bibi yangu alikufa mimi sijazaliwa."

"Pole sana, kijana. Unaweza kwenda. Simba anabaki. Kilichowekwa kwenye meza ya chama ni cha chama."

Ludeke alikuwa na miaka thelathini na minne, na kijana aliitwa kwa sababu hakuwa na tanuru. Alivaa kofia yake akashuka.

Chini ya ngazi alikuwa akimsubiri Wibbeke, mjane wa Arnd. Tanuru ambalo Ludeke alilifanyia kazi kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa lake Wibbeke, la baba yake tangu zamani, na Arnd aliingia kwa kumwoa. Wibbeke alizaliwa nyuma ya ukuta wake. Alijua kuchanganya udongo na mavi ya farasi ili usipasuke, na kwa rangi ya moto tu aliweza kusema shaba iko tayari au bado. Lakini sheria ya chama ilimpa mjane mwaka mmoja na siku moja. Baada ya hapo aolewe na mwenye tanuru, au tanuru livunjwe kwa nyundo mbele ya mashahidi. Siku yake ilikuwa sikukuu ya Martini, na zilibaki wiki sita. Wibbeke alimpenda Ludeke. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, na mji mzima ulijua.

"Wamekataa," alisema Ludeke.

"Kwa lipi?"

"Bibi yangu alimwinua mnyongaji kwenye barafu."

Wibbeke alifikiri kidogo. "Alikuwa ameumia?"

"Nani?"

"Huyo mnyongaji."

"Barua haisemi."

Wakaenda nyumbani, kwa sababu kulikuwa na kalibu ya udongo ya kumiminia shaba iliyohitaji kukaushwa siku ile.

Huko juu wazee waliona ni ujinga kuwa na simba mpya mezani na kunawa kwa kopo la zamani. Simba akajazwa maji yenye majani ya mnanaa, beseni likaletwa, na kwa kuwa ni desturi kuanza na mkubwa, Cord alinyoosha mikono yake kwanza. Ilikuwa mikono ya mzee, minene, yenye madoa, na kwa miaka tisa ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba hakuweza tena kuchonga nta. Maji yalitoka mdomoni mwa simba vizuri, bila kupotea pembeni. Cord alipoitoa mikono kwenye beseni ilikuwa mikono ya Ludeke. Kovu la kuungua lilikuwa palepale, kutoka kwenye kidole gumba mpaka kwenye kifundo, na kidole kidogo cha kulia hakikuwa na kucha.

"Cord," alisema Tile, "umevaa mikono ya Ludeke."

"Naiona. Nipe taulo."

Wa pili kwa umri alinyoosha yake, kwa sababu kuruka zamu ni kumvunjia heshima aliyetangulia. Naye akatoka na ya Ludeke. Wa tatu, wa nne na wa tano vivyo hivyo. Zamu ilipomfikia Tile, aliuliza kama haingekuwa busara kusimama kwanza wakajadili. Cord alimwambia bata wanapoa. Tile akanawa. Wakala, na walikubaliana kwamba mikono ile ilishika kisu vizuri sana, na ilitenganisha nyama na mfupa bila kupoteza kitu.

Ilidhaniwa jambo lile lingekwisha baada ya kulala. Halikwisha. Kufikia wiki iliyofuata Cord alikuwa amekaa tena mbele ya nta, na akatengeneza farasi na mpandaji wake, hatamu na vifungo vyote, bila kutetemeka hata kidogo. Tile, ambaye simba wake wote kabla ya hapo walifanana na kondoo, alitengeneza joka wa kunawia ambaye magamba yake ungeweza kuyahesabu. Makanisa ya mbali yaliagiza. Wake zao hawakulalamika. Metteke, mke wa Tile, alimkuta mumewe jikoni amekanda unga bila kuambiwa, akasimama akamtazama.

"Mikono hii inajua kazi," alimwambia. "Ile yako ya zamani ilijua nini, mume wangu, zaidi ya kushika kikombe?"

"Ilikushika wewe," alisema Tile.

"Ndiyo maana nikauliza."

Usumbufu ulikuwa mmoja tu. Kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi alipokatiza uani kwenda kuwasha moto, Ludeke alikuwa akiinua mkono wa kulia kumsalimia Wibbeke, aliyekuwa akifungua dirisha saa hiyohiyo. Sasa saa ile ilipofika, wenye tanuru wote sita, popote walipokuwa, mkono wa kulia uliinuka wenyewe. Mmoja alikuwa akinyolewa, na kinyozi nusura amkate. Wawili walikuwa kwenye misa ya alfajiri, na padri alisimamisha mahubiri akawauliza wana shida gani. Walijifunza kuukalia mkono mpaka saa ipite. Tangu siku Wibbeke aliposikia habari hizo, alichelewa kidogo kulifunga dirisha.

Wiki ya tatu alivaa joho lake la kanisani, akapanda ngazi za nyumba ya mizani saa ya chakula. Mjane alikuwa na haki ya kusema mbele ya chama mara moja. Wazee walikuwa wakila, na wote sita walikuwa wakibandua ganda lililoungua la mkate kwa kidole gumba, kama Ludeke alivyozoea.

"Wazee," alisema Wibbeke, "mikono ya Ludeke si mikono ya heshima kwa sababu ya bibi yake. Sivyo?"

"Ndivyo, shemeji," alisema Cord. Walimwita shemeji kwa sababu Arnd alikuwa ndugu yao wa chama.

"Na hiyo mliyonayo ni ya nani?"

Waliitazama. "Hii ni yetu," alisema Cord. "Inaanzia kwenye mabega yetu, na mabega yetu yana barua."

"Kama ni ya Ludeke, imemgusa mnyongaji. Na kama haijamgusa mnyongaji, basi na Ludeke hajamgusa. Chagueni moja."

"Shemeji, sisi tulinawa," alisema Tile kwa upole. "Watu walituona tukinawa."

"Mlinawa kwa simba wake."

"Simba wa chama," alisema Cord. Aliweka mkate chini. "Lakini umefanya vizuri kuja, umetukumbusha jambo. Mjini humu sasa kuna watu saba wenye mikono hii. Sita ni wenye tanuru. Wa saba ni kibarua. Mteja akiuona mkono ule kwenye nta atadhani amepata fundi wa chama, kumbe sivyo. Huo ni udanganyifu, hata kama yeye hakukusudia."

"Alikuwa nayo kabla yenu. Alizaliwa nayo."

"Hilo hatulibishi," alisema Cord, na akaagiza liandikwe pia.

Uamuzi ulisomwa sokoni siku ya Alhamisi. Ludeke hakukatazwa kukaa mjini wala kufanya kazi. Alikatazwa kuonyesha mikono ya wenye tanuru hadharani na kugusa nta kwayo. Chama kilimshonea glovu kwa gharama yake chenyewe, na watu waliona hilo ni jambo la kiungwana. Zilikuwa za ngozi ya kondoo, kama mifuko isiyotenganisha vidole, na zilifungwa kwa kamba kwenye kifundo. Alipozivaa hakuweza kushika kitu chembamba kuliko mpini wa koleo.

Usisikie watu wakisema Ludeke na Wibbeke hawakujaribu kuondoka. Walikaa kando ya tanuru, moto umepungua, Ludeke na glovu zake mapajani, wakaihesabu miji.

"Twende Hildesheim," alisema Wibbeke.

"Barua ya chama itafika kabla yetu."

"Lübeck, basi."

"Ya Lübeck itachelewa siku mbili."

"Siku mbili ni siku mbili."

"Na hili?" Ludeke alilionyesha tanuru kwa glovu. "Utalibeba mgongoni?"

Tanuru lile lilikuwa na matofali elfu na zaidi, na yaliyo chini kabisa yaliwekwa na babu yake. Wibbeke alilitazama mpaka macho yakamuuma kwa joto. Kisha akamwambia Ludeke aende akanawe kwa simba yeye mwenyewe, labda kitatokea kitu.

"Nitapata mikono ya nani?"

"Yako," alisema Wibbeke baada ya kufikiri.

Wakaliacha hilo.

Zilipobaki siku kumi na mbili, Cord Rodewold alikuja kupiga hodi. Alikuwa mjane tangu zamani, na hakuwa mtu mbaya. Alisimama sebuleni akiizungusha kofia yake polepole, na Wibbeke aliitazama kofia ile ikizunguka.

"Shemeji, sitazunguka," alisema Cord. "Siku ya Martini tanuru lako linavunjwa, na mimi ndiye nitakayepiga nyundo ya kwanza, kwa sababu ni mkuu. Sitaki. Ni tanuru zuri kuliko langu. Mimi nina miaka sitini na mitatu, na mikono ya miaka thelathini na minne. Nioe... nikuoe, ubaki nalo."

"Na Ludeke?"

"Atabaki. Mivukuto ya kupulizia moto inaendeshwa kwa miguu. Glovu hazitamsumbua."

Wibbeke alimwomba siku mbili. Alimkuta Ludeke uani, akipasua kuni kwa shida kwa sababu shoka lilikuwa likimteleza, akamweleza kila kitu kama alivyoambiwa.

"Wewe unasemaje?" alimuuliza.

"Niseme nini? Nikisema usiolewe, linavunjwa, na mimi bado sitakuwa na kitu cha kukupa."

"Sikukuuliza habari ya tanuru. Nimekuuliza wewe."

Ludeke alishusha shoka. "Inaniuma," alisema. "Namwonea wivu mzee wa miaka sitini na mitatu. Naiwaza mikono yangu iko mezani kwako, iko kitandani kwako, na mimi niko hapa nje nakanyaga mivukuto. Siwezi hata kukasirika vizuri. Nikikunja ngumi haionekani."

"Mimi nilikutaka wewe mzima," alisema Wibbeke, na akalia, palepale uani mchana kweupe, na majirani waliopita wakageuza nyuso upande mwingine. Ludeke alinyoosha mkono amfute machozi, akakumbuka ngozi ya kondoo, akaurudisha. Siku ya pili Wibbeke alimpelekea Cord jibu la ndiyo.

Harusi ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu ya Martini. Kanisani Cord alimvisha pete mkono wa kulia, ikamkaa sawasawa. Baada ya misa watu walikwenda nyumba ya mizani, meza zikapangwa kwa urefu, na kwa kuwa bwana harusi alikuwa mkuu wa chama, maharusi walinawishwa kwa simba. Simba aliyejaa maji ni mzito, na akiinamishwa ghafla hutapika maji yote kwenye mapaja ya wageni. Mtu pekee aliyejua anapoelemea ni Ludeke. Kwa hiyo alipewa kazi ya kunawisha, na taulo likawekwa begani kwake. Mpini ulikuwa mnene wa kutosha kushikwa kwa glovu.

Alianza na Cord. Maji yalipita juu ya kovu, juu ya kidole kisicho na kucha, na mikono ilibaki kama ilivyokuwa. Kisha akasogea kwa bibi harusi. Wazee wa chama walikuwa wakizungumza habari za samaki na hawakuwaza lolote. Mwanamke hakuwa amewahi kunawa kwa simba yule, kwa sababu hakuna mwanamke aliyewahi kula katika chumba kile.

Wibbeke alinyoosha mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto aliuacha mapajani.

Ludeke aliinamisha. Maji yalitoka membamba na taratibu, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Na wa pili, bibi?" aliuliza, kama anayenawisha anavyotakiwa kuuliza.

"Mmoja unatosha."

Alimpa taulo. Mkono ulipotoka kwenye taulo ulikuwa mkubwa, una kovu, na pete ya Cord ilikuwa imembana kwenye kidole mpaka nyama imeinuka pande zote mbili. Wageni walioketi karibu waliona. Mmoja alisema ingefaa kuisaidia kwa mafuta ya bata, mwingine akasema itazoea, na supu ikaletwa. Tile alitaka kuuliza kitu, Metteke akamkanyaga mguu. Jumatatu iliyofuata chama kilikaa, kikaamua kwamba mke wa mkuu naye avae glovu, moja tu, ya kulia. Lakini siku ile ilikuwa bado Jumapili, na mkono ulikuwa wazi.

Wibbeke aliushusha chini ya kitambaa cha meza. Hapo mkono wake wa kushoto uliushika ule wa kulia, vidole kati ya vidole, ukaukumbatia, na hakuuachia tangu supu mpaka jibini. Alilishwa na wanawake wenzake, kama desturi inavyoruhusu siku ya kwanza. Shangazi zake Cord walisema bibi harusi ana adabu, hajaweka mikono mezani hata mara moja. Cord mwenyewe alikuwa na kazi ya kukata nyama kwa ajili ya meza nzima, na aliikata vizuri.

Ludeke alisimama nyuma ya kiti cha Wibbeke, kama ilivyompasa, na simba mtupu kifuani. Kutoka pale alipokuwa aliweza kuona chini ya ukingo wa kitambaa. Aliutazama mkono wake ukishikwa, muda wote wa chakula, na ndani ya glovu hakuhisi kitu.